Propela ya Nchi Kavu

Ukikaa karibu na ziwa, chunga mdomo wako. Mimi nilitamka mbele ya watu watatu tu, pale kijiweni Usagara, kwamba naenda mjini kuchongesha propela. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unajua nimenunua mtumbwi. Shemeji yangu alipiga simu kutoka Sengerema kuuliza kama nitahitaji mtu wa kutega nyavu. Jirani akaja kuuliza, kwa ule upole wa kumjulia hali mgonjwa, mtumbwi nitauegesha wapi, maana kutoka uani kwangu hadi majini ni safari ya nauli.

"Siyo ya mtumbwi," nikamwambia. "Ni ya pikipiki."

Akanyamaza. Nadhani hapo ndipo alipoanza kunionea huruma ya kweli.

Sasa naeleza mara moja kwa wote, nimechoka kueleza mmoja mmoja. Kwa mafundi wetu, propela ni lile bomba la chuma linalolala chini ya tumbo la gari, likichukua nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka nyuma kwenye difu. Ile ya injini ya boti nayo ni propela. Neno moja, vitu viwili, kimoja kinazunguka majini na kingine vumbini, na gharama ya utani huo nimelipa mimi.

Chanzo cha yote ni daraja. Tangu Juni 19, 2025, Rais Samia alipozindua Daraja la JP Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilomita tatu za zege juu ya maji, njia panda yetu imepata kiherehere. Enzi za kivuko mtu alifika, akasubiri, akala muhindi wa kuchoma, akasinzia, akaamka, akasubiri tena. Siku hizi anapita tu, hata salamu hatoi. Mizigo inapita, hela inapita, na mimi nimekaa kwenye kigoda nikiitazama pikipiki yangu kuukuu, injini nzima, sura ndiyo imechoka. Nikaenda kuulizia guta jipya, haya ya Kichina ya matairi matatu ambayo wengine huyaita toyo. Nilipotajiwa bei nikauliza kama linakuja na kiwanja. Nikarudi nyumbani nimeamua kulitengeneza mwenyewe ili nibane matumizi. Kubana matumizi kumenimaliza kuliko ambavyo ulevi ungenimaliza, na ulevi angalau una marafiki.

Jaribio la kwanza halikuwa na propela. Nyuma tuliweka ekseli moja ya chuma kizima, magurudumu mawili yamekazwa huku na huku, cheni ikaizungusha. Kwenye barabara iliyonyooka guta lilikwenda kama mwanafunzi wa bweni siku ya kufunga shule. Shida ikaja njia panda. Natoka upande wa Buhongwa, nakata kulia kuelekea Kigongo, usukani nimeukunja wote, guta linataka kwenda Shinyanga. Siyo kwamba liliteleza. Lilikuwa na msimamo. Kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na ukiyafunga yote mawili kwenye chuma kimoja, kila moja linamburuta mwenzake, na wewe dereva unaburutwa na wote. Nilisimama katikati ya barabara ya lami, basi la mkoani likinipigia honi, na kondakta akaniuliza kwa sauti iliyofika sokoni kama nimepotea.

Ndipo nikaambiwa nitafute difu. Kazi yake ni hiyo tu, kuyaruhusu magurudumu mawili yatofautiane bila kugombana. Nikapata ekseli ya kirikuu kwa wauza vyuma chakavu, ikiwa na difu yake, springi zake na propela yake. Kirikuu, kile kigari cha Suzuki Carry, ukikiona barabarani unadhani ni kifupi. Ngoja uchomoe propela yake uilaze chini ya pikipiki. Ilichungulia mbele kupita taa.

"Tutaikata," fundi akasema. "Itakaa tu."

Fundi wangu ni hodari na simtaji jina, kwa sababu spana zangu bado ziko kwake. Lakini hilo neno "itakaa tu" naomba siku moja lijadiliwe bungeni. Suti yangu ya harusi ilikaa tu. Kwenye picha zote nimeinua mabega. Mlango wa choo changu unakaa tu, ila uuinue kwa goti kwanza. Nchi nzima tumevumilia vitu vilivyokaa tu, na nilikuwa sijakutana na kitu kinachoikataa kauli hiyo mpaka nilipokutana na propela.

Kwanza kipimo. Injini ya pikipiki inatoa nguvu yake ubavuni, kwenye sproketi, na propela inaitaka nguvu hiyo inyooke kwenda nyuma. Katikati kwa hiyo tulifunga giaboksi ndogo ya rivasi, kama ile ya maguta ya Kichina, inapokea cheni kutoka ubavuni na kuigeuza nguvu ielekee kwenye difu. Kutoka hapo hadi kwenye difu ndio urefu tuliouhitaji. Nikamletea fundi tepu. Akaitazama kama mtu aliyeletewa uma mbele ya sahani ya ugali. Akachomoa uzi kwenye mdomo wa kiroba cha mchele, akauvuta kutoka giaboksi hadi difu, akaufunga fundo, akautia mfuko wa shati pamoja na vocha na nusu ya chapati. Uzi wa kiroba unavutika. Ulivutika wakati wa kupima, ukavutika kwenye daladala, na tulipofika mjini fundo lilikuwa limekunywa mafuta ya chapati likawa mawili.

Mkerezaji wa vyuma tuliyemkuta ni mzee wa maneno machache, miwani yake imefungwa kwa waya wa shaba. Yeye alikuwa na tepu. Akalibana bomba kwenye mashine, akakata, nywele za chuma zikamiminika za bluu zikijikunja kama za msichana aliyetoka saluni. Akarudisha kichwa cha krosi, kile kiungo kinachoiwezesha propela kupinda, ndani ya bomba, akachomelea nukta nne tu, akaiwasha mashine polepole. Kisha akachukua chaki, ile ile ya kuandikia ubaoni, akaisogeza karibu na bomba linalozunguka bila kuligusa. Bomba lenyewe likaja kuigusa chaki, upande mmoja tu, likajichora. Akazima, akagonga palipojichora kwa nyundo ndogo, tap, tap, akafuta, akawasha tena. Mara tano. Mara ya sita chaki iliacha mstari uliozunguka bomba zima, sawasawa, mwembamba kama uzi wa shanga. Ndipo akachomelea kabisa, kipande huku na kipande upande wa pili, joto lisilivute bomba likapinda. Nilisimama pale saa nzima nikasahau hata kulalamika.

Akauliza swali moja tu. "Hii mmeipima guta likiwa na mzigo au tupu?"

Nikafungua mdomo. Fundi wangu akaniwahi. "Tupu, mzee. Itakaa tu."

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Pesa yake akapokea.

Siku ya difu kufungwa kichwa chini, guta likawa linakwenda mbele ukiweka rivasi tu, hiyo siisimulii. Watoto wa mtaa wameisimulia ya kutosha.

Mzigo wa kwanza ulikuwa mpunga, magunia matano. Propela ina sehemu yenye meno inayoingia na kutoka, kama mkono ndani ya mkono wa shati, kwa sababu springi zikilala ekseli husogea, na propela inatakiwa ijimeze kidogo. Yetu ilikuwa imeshajimeza yote guta likiwa tupu. Gunia la tatu lilipopanda nikasikia kitu kama mtu anayejizuia kucheua. La tano lilipopanda, ko! Ekseli imesogea, propela haina pa kwenda, ikaisukuma giaboksi kifuani, sili ikapasuka, oili ikamwagika mbele ya muuza miwa. Wakajaa wataalamu. Usagara kila mtu ni fundi wa kitu chako. Mmoja akasema cheni, mmoja akasema mafuta machafu, mama mmoja akasema jirani.

Tukarudi kupima upya, safari hii guta likiwa na mzigo. Mpunga mwenyewe alishauchukua kwa hasira. Nikakusanya watoto wa jirani, nikawapandisha kumi na mmoja. Watoto hawatulii. Fundi kalala chini na tepu (ameikubali tepu, tushukuru), anasoma namba, juu mmoja anamfinya mwenzake, guta linanesa, namba inabadilika. Nilinunua soda kumi na moja. Wa kumi na mbili, ambaye hata hakupanda, alilia mpaka akapata yake.

Propela ikafupishwa, ikarudi, ikafungwa. Urefu safi. Nikapandisha mzigo, kimya, hakuna ko. Nikaondoka nikijiona mwanaume. Kufika mwendo wa baiskeli ya haraka, guta likaanza kutetemeka. Siyo kutetemeka kwa barabara mbovu. Kulitoka chini kwenda juu, kukapitia kwenye kiti kukaingia kwenye meno. Kioo cha pembeni kilinionyesha magari manne nyuma yangu, yote lori moja. Jioni hiyo niliokota nati tatu, ya nne sikuiona, na mke wangu akaniuliza mbona naongea kama naimba.

Sasa, siku hizo hizo nilikuwa nimepata mteja, mama wa dagaa. Anachukua mwaloni, anauza sokoni kwa sado. Dagaa wetu wengi bado huanikwa mchangani, na wewe unayekula unajua kilichomo. Nilimshushia viroba vyake nikiwa nimeshatayarisha samahani ya kuchelewa na kutikisika. Akafungua cha kwanza, akatia mkono mpaka kiwiko, akanyamaza. Juu, dagaa weupe wanang'aa, wakavu, safi. Chini ya kiroba, mchanga, kibaba kizima, umekaa peke yake kama umeambiwa ujitenge.

"Baba," akasema, "wewe umewapepeta."

Kesho yake walikuja watatu. Kesho kutwa watano. Kwa mara ya kwanza tangu nianze mradi huu hela iliingia badala ya kutoka. Ila kila safari guta lilipungua kidogo. Nati moja, bolti moja, kibao cha namba. Krosi mpya iliisha kabla ya mwezi, ukiishika inachezacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nikaona hivi biashara itanenepa na chombo kitabaki usukani tu, nikaichomoa propela usiku usiku, nikapanda daladala nayo begani kwenda kwa mzee wa chaki, peke yangu.

Mzee aliilaza mezani. Hakuigusa. Akainama akaitazama kwa jicho moja kutoka mwisho hadi mwisho.

"Nani aliifunga?"

Nikatazama pembeni.

Akanionyesha. Krosi ikifanya kazi imepinda, haizungushi kwa mwendo mmoja. Mbele inazunguka sawasawa, nyuma yake inaharakisha na kuchelewa, mara mbili kwa kila mzunguko. Ndiyo maana propela ina krosi mbili, ya pili iyarudishe makosa ya ya kwanza. Lakini ili zielewane, vile vichwa viwili vya kwenye bomba lazima vilale sambamba. Vyetu vilikuwa vimepishana robo mzunguko. Meno yale yanayoingia na kutoka hayakatai, yanakubali kuingia vyovyote, na fundi alipoyachomeka yakaingia, basi, ikakaa. Badala ya krosi ya pili kuyafuta makosa ya ya kwanza, ilikuwa inayazidisha. Mambo haya siyo mageni. Kuna nchi propela yenyewe huitwa kardani, kwa jina la Cardano, Mwitaliano wa karne ya 16, na Mwingereza Hooke alishaiandikia krosi katika karne ya 17. Karne zote hizo, mimi nimeletewa Usagara ikiwa imepishana robo.

Mzee akaichomoa, akaigeuza, akairudisha. Ilimchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Akapiga mstari wa rangi nyekundu juu ya maungio yote mawili ili hata kipofu aone. Nikauliza bei. Akasema nimpe ya kahawa.

Nikafunga. Nikawasha. Usiombe. Guta lilikwenda kama limepakwa samli. Kioo kikanionyesha lori moja, na kweli lilikuwa moja. Nikapita njia panda, nikakata kona ya Kigongo kama bwana harusi, nikapakia dagaa, nikarudi sokoni nusu saa mapema, hakuna nati iliyoanguka.

Mama wa dagaa akafungua kiroba. Akatia mkono mpaka kiwiko. Akautoa, akaufungua mbele ya macho yangu. Dagaa na mchanga, wamechanganyika kama siku ya kwanza.

"Baba, umeharibu nini?"

"Nimetengeneza, mama. Sasa halitetemeki."

"Nani alikwambia utengeneze?" Akawageukia wenzake, wale watano, na sura za watu waliofiwa. "Basi leo nakupa nusu. Nusu ile ilikuwa ya kupepeta."

Nimekaa hapa nyuma ya guta, spana mkononi, nautazama ule mstari mwekundu. Robo mzunguko tu. Fundi amepita sasa hivi, amechungulia chini, amesema kama nataka aichomoe airudishe ilivyokuwa ni dakika kumi, na zile spana zangu atakuja nazo kesho.

Nimemwambia aje nazo kwanza.