Wavuvi wa Simuni

Mchezo wa Old School RuneScape, uliotolewa 2013 na kampuni ya Uingereza iitwayo Jagex, kisha ukaingia kwenye simu 2018, una sifa moja isiyopingika: unawapenda vijana wachapakazi. Mgeni hajatulia bado, kakabidhiwa wavu avue kamba, awashe moto, awapike. Barobaro wa Tiwi, pwani ya Kenya, ambaye babake amemwita tangu alfajiri wakatege malema, naye kajifunika shuka, hapo hukurupuka mbio. Daraja la 99 la ukataji miti linataka alama 13,034,431, na hakuna anayelalamika malengelenge.

Watetezi watasema ni burudani tu; mbona anayeshangilia Arsenal pale Ng'ombeni hafungi bao? Haya, nawaongezea hoja: mchezo hauli bando sana, una sehemu ya bure, na mabadiliko makubwa hupigiwa kura, hayapiti mpaka asilimia 70 waridhie. Vikao vyetu vya maoni ya umma huridhika na saini ya mahudhurio na soda moja. Tena kila jasho huonekana likipanda kwa alama, jambo ambalo vibarua wetu hawajaliona. Ila ndipo ulipo ubovu wake: maeneo mengi mazuri wametengewa wanaolipa kila mwezi, habari ambayo mtu wa pwani hahitaji kufundishwa, na ujira wote hubaki humo humo. Dhahabu yake, kwa kanuni za mchezo wenyewe, ni marufuku kuiuza kwa pesa halisi.