Jinsi ya kuwatembeza watoto makumbusho Kampala wasijifunze kitu

Mzazi mwenzangu, shule zimefungwa na maswali yameanza. Ukizubaa, watoto watatoka Makumbusho ya Uganda, pale Kira Road, wakijua mambo kukupita. Fuata hatua hizi, heshima yako nyumbani itabaki palepale.

1. Chelewa kutoka. Subiri Jumamosi mchana, jamu iwe imeiva. Mtafika watoto wana njaa, na cha kukumbuka siku hiyo kitakuwa rolex mliyokula njiani.

2. Piga picha nje hadi simu iishe chaji. Usithubutu kusema kwamba makumbusho haya yalianzishwa mwaka 1908, wala kwamba jengo hili la 1954 lilichorwa na Mjerumani, Ernst May. Mmoja akitaka kuwa msanifu majengo, ada utailipa wewe.

3. Chumba cha ala za muziki kipite mbio. Humo zimepangwa kwa makundi: ngoma, za kugonga, za kupuliza na za nyuzi. Mtoto akigonga amadinda, marimba ya Kiganda yenye mbao 12, atagundua mwenyewe kuwa ubao mrefu una sauti nzito na mfupi una sauti nyembamba. Hiyo tayari ni fizikia. Mkemee: “Wacha! Utavunja!” Mbao hizo zilichongwa zipigwe, ila yeye hajui.

4. Kama mafuta yapo, endeleeni hadi Kayabwe, barabara ya Masaka, kwenye mstari wa Ikweta. Mtaonyeshwa beseni la maji: upande huu yanazunguka hivi, hatua chache ng'ambo yanageuka. Shangaa kwa sauti kubwa, kisha lipa. Usiseme kwamba karibu hivyo na Ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya beseni, na kwamba kazi yote imefanywa na mkono ulioyamimina. Zaidi ya yote, mtoto asiombe kuyamimina yeye.

5. Jihadhari na usiku. Umeme ukikatika mtaa mzima, washa tochi ya simu upesi na uwaingize wote ndani. Kampala iko karibu na Ikweta kiasi kwamba nyota za kaskazini na za kusini zote zina zamu yao angani. Jioni za Aprili na Mei, mawingu yakitawanyika, Dubu Mkubwa huonekana upande mmoja na Msalaba wa Kusini upande wa pili. Mkazi wa London hauoni Msalaba huo hata akipanda paani. Wenzetu hulipa tiketi waonyeshwe nyota kwenye kuba. Wewe unapewa bure, kwa hiyo funga mapazia.

6. Swali likipenya licha ya yote hayo, jibu: “Utafundishwa shuleni.”

Ila neno moja usilitamke kamwe: “Sijui, hebu tutafute pamoja.” Mzazi akishalisema hilo, mtoto haachi tena kuuliza, na Jumamosi ijayo ni yeye atakayekuamsha.