Sifa za Uno Yangu

Watu wa Eldoret wanaisifu Probox. Probox inabeba, Probox haichoki, Probox ukiigonga leo jioni unainyoosha kwa nyundo na kesho iko kazini. Sikatai. Lakini hakuna mtu aliyewahi kutafakari maisha ndani ya Probox, kwa sababu haisimami. Mimi nina Fiat Uno, namba zake zinaanza na KAC, na nimetafakari sana. Pale Nabkoi nimetafakari mara mbili. Burnt Forest mara moja, usiku, kwenye mvua.

Hakuna anayesifiwa bila kutajiwa ukoo, kwa hiyo nianze huko. Aliyeichora ni Giorgetto Giugiaro, fundi mkuu wa maumbo ya magari huko Italia. Ilizinduliwa Januari 1983, na 1984 ikatawazwa gari la mwaka barani Ulaya. Binamu yake, Lancia Delta, alikuja hapa kwetu akashinda Safari Rally mwaka 1988, akarudia 1989 mikononi mwa yule yule Miki Biasion, kisha 1991 akampa ushindi Juha Kankkunen. Damu hiyo imo. Juzi, njia ya Moiben, Uno yangu ilipita trekta. Trekta ilikuwa imesimama, lakini kupita ni kupita.

Niliinunua Langas kwa bei ya ng'ombe mmoja wa gredi mwenye mimba. Mke wangu, Mama Chebet, alipoiona ikiingia uani aliuliza swali moja tu: atazaa lini?

Siku ya kununua nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ya Julai ikiuma masikio. Broka akanipokea kwa mikono miwili. "Mwalimu, gari iko safi. Ni ya mama mmoja wa kanisa, ilikuwa inaenda sokoni tu." Nikaweka kiganja juu ya boneti: moto. Mjanja angegeuka akaenda zake, maana injini iliyopashwa kabla hujafika huficha jinsi inavyokataa kuwaka ikiwa baridi. Mimi niliona ni ukarimu, kama mwenyeji aliyekuchemshia maji ya kuoga.

Kisha akafungua kifuniko cha oili. Chini yake kulikuwa na povu zito, jeupe la kijivujivu, lenye vipunje vyeusi. Mafundi watakwambia hapo maji na oili vimekutana, hedi gasketi imekwisha, kimbia. Lakini mimi ni mtu wa hapa. Mkimbiaji akirudi na medali hupokewa uwanja wa ndege kwa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando yenye masizi ya mkaa, na hiyo niliyoiona ilikuwa mursik kabisa. Nilihesabu pesa hapo hapo.

Wanaosema Uno inachemsha ovyo hawajasoma jiografia. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Kifuniko cha radieta chenye springi nzima hukandamiza maji na kuyapa subira. Changu springi yake ilishachoka zamani. Swichi ya feni nayo husubiri maji yapite nyuzi 90 ndipo iamke. Kwa hiyo kila safari ni mbio kati ya feni na maji, na maji, kama vijana wa Iten, yamezoea kimo.

Imenifunza mji pia. Mtu wa Probox atakwambia Eldoret ni tambarare. Atajuaje? Mimi najua kila mteremko unaoshuka kuelekea mto Sosiani, najua benki ipi ina maegesho yaliyoinama na kanisa lipi limejengwa kwa watu wenye betri nzima. Vijana wa bodaboda steji ya Kapsoya wakiniona nimefungua mlango na mguu mmoja uko chini, wanakuja bila kuitwa. "Mwalimu, leo ni second au third?" Nasema second, wanasukuma. Jirani yangu wa Prado amekaa hapa miaka tisa na hawamjui jina.

Tena haiazimwi. Kwetu ukiwa na gari zuri, kila Jumamosi kuna msafara wa koito, sherehe ya posa, ya mtoto wa binamu, na gari lako linahesabiwa kabla hujaulizwa. Mimi huambiwa kwa upole, "Wewe njoo tu, tutakutafutia nafasi."

Spea? Italia waliacha kuiunda 1995, na sheria yetu ya kukataa mitumba iliyozidi miaka minane imehakikisha hakuna nyingine itakayoingia. Kwa hiyo zilizobaki zinasaidiana kama ukoo. Mlango wangu wa kushoto ni wa marehemu wa Kitale. Kabureta ni ya marehemu wa Nakuru, ilikuja kwa matatu imefungwa ndani ya mfuko wa unga.

Jambo moja sitanii. Belti ya taimingi ilikatika karibu na Turbo, nikajua injini imekwenda, kwa sababu kwenye magari mengi valvu hukutana na pistoni na huo ndio mwisho. Ile injini ndogo ya sentimita za ujazo 999 waliyoitoa 1985, waliyoiita FIRE, haikuundwa hivyo. Fundi alifunga belti mpya chini ya mti, akapangusa mikono, ikawaka. Nilinyamaza njia nzima hadi nyumbani.

Ndiyo maana inaniuma kuachana nayo. Anayeitaka aje Kapsoya Jumamosi. Gari iko safi, ni ya mwalimu, ilikuwa inaenda shule na kanisani tu. Ila asifike kabla ya saa mbili. Anipe nafasi ya kumchemshia maji ya kuoga.