YAH: Kuhifadhiwa kwa Dozi ya Saa 4 Usiku

Kwa Kamati za Dawa na Tiba za hospitali zilizo kwenye njia ya zamani ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji, kupitia Tabora.

Jentamisini miligramu 80 mara tatu kwa siku ni mila, na mila haiulizwi sababu. Hutolewa saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku, na kila dozi huja na msafara wake: bomba jipya la sindano (likiisha stoo, ndugu wa mgonjwa hutumwa dukani), glovu, pamba, spiriti, na muuguzi wa zamu anayewaacha wagonjwa wengine. Ampuli zote tatu zingeweza kuvutwa katika bomba moja asubuhi, lakini shamrashamra hizo zingebaki theluthi tu.

Sayansi, kwa bahati mbaya, haina adabu kwa mila. Jentamisini huua bakteria kwa nguvu ya kilele chake kwenye damu, na hata kikishashuka, waliosalia hukaa saa kadhaa bila kuzaana. Figo nazo hupata nafuu dawa inaposhuka. Majaribio mengi, yalipounganishwa na kuchambuliwa miaka ya 1990, yalionyesha kuwa dozi moja kubwa kwa siku hutibu sawa na tatu, bila kuziumiza figo zaidi. Wenye figo mbovu au maambukizi ya vali za moyo hupangiwa kivyao.

Dozi ya saa 4 usiku basi inastahili chumba cha makumbusho Kwihara, karibu na Tabora, kwenye Tembe la mpelelezi Livingstone. Sanduku la dawa la mzee huyo lilitoweka na wapagazi watoro mwaka 1867, kwa hiyo nafasi ipo.

Kamati yenye ari ya kubana matumizi, hata hivyo, isiiguse ampisilini. Hiyo hutegemea muda inaokaa kwenye damu, na nusu yake hutoka kwa kama saa moja. Dozi zake nne za siku zikifanywa mbili, fedha itabaki stoo na maambukizi yatabaki kwa mgonjwa. Wajanja hukimbilia seftriaksoni: sindano 7 kwa wiki badala ya 28. Wauguzi hupumua, hesabu hupendeza. Ila Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la dawa za kuangaliwa, kwa kuwa ikitumika ovyo huzalisha usugu, na dawa za kuutibu usugu huo haziuzwi kwa bei ya pamba na spiriti.

Nakala: Duka la dawa mkabala na geti la hospitali, kwa taarifa na masikitiko.