Mgeni Asiyengoja Jembe

Katika biashara zote alizozibuni mwanadamu tangu alipojua kupima na kuuza, sijaona iliyo na shani kuliko biashara ya vivinjari, maana bidhaa yenyewe hutolewa bure, wenye kuitoa ni matajiri wa kutisha, wenye kuipokea aghalabu hawakuiomba, na soko limefurika hata pa kutia mguu hapana. Walakini haupiti mwaka ila huzuka mchuuzi mpya akanadi kwa sauti kuu kwamba chake ndicho chepesi, chake ndicho salama, na kwamba vilivyotangulia vyote vilikuwa vikiwaibia watu umri wao. Mimi ni mtu wa Tanga, riziki yangu ni kuwaandikia watu barua, maombi na wasia, na safari zangu katika intaneti ni fupi, za njia ile ile: alfajiri barua pepe, adhuhuri magazeti, alasiri fomu za watu wengine. Kwa haja hizo haba kompyuta yangu ilikuwa na vivinjari vitano, na vyote vilinifikisha pale pale.

Cha tano kililetwa na mpwa wangu, anayesoma elimu ya kompyuta Dar es Salaam, alipokuja kwetu kula Idi. Aliniamkia, nikamwitikia marahaba, na kabla chai haijamiminwa alikuwa ameketi mbele ya mashine yangu akitikisa kichwa.

"Mjomba, bado unatumia hiki?"

"Kina ila gani?"

"Kizito, mjomba."

"Hata mimi ni mzito, na mkaza mjomba wako hajaniacha."

Hoja yangu haikumwingia. Alikipakua kivinjari kipya, ambacho jina lake nitalisitiri kwa kuwa sipendi ugomvi na watu wenye mawakili wengi, na katika kushuka kwake kikala bando nililolinunua asubuhi ile kwa nia ya kulifikisha mwisho wa juma. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hakungoja jembe, wala hakungoja mkeka. Hata kabla hajanionyesha ukurasa mmoja alisimama mlangoni akaniuliza kama niko radhi kumfanya mwenye nyumba. Chini ya swali palikuwa na vitufe viwili: kimoja kikubwa cha buluu, kimeandikwa "Ndiyo", na kingine chembamba cha kijivu, kimejikunyata pembeni, kimeandikwa "Si sasa". Kitufe cha kukataa moja kwa moja hakikuwako. Nikabonyeza "Si sasa", na kumbe kwa kubonyeza huko nilikuwa nimetoa ahadi, maana kesho yake alikuja tena kuuliza kama sasa imewadia.

Fauka ya hayo, wenyeji wanne waliokuwa wakiishi kwa amani nao waliamka kwa wivu. Nilipokifungua cha pili ili nisome gazeti, kilinihuzunikia kwamba hakitambuliwi tena kuwa kikuu. Cha tatu kikataka nithibitishe kama bado tu marafiki. Cha nne, kilichokuja na mashine tangu dukani, kilinieleza kwa upole kwamba chenyewe ndicho kinachopendekezwa, bila ya kumtaja anayependekeza.

Hapo kale zogo hili halikuwapo. Mwaka 1990, katika taasisi ya CERN karibu na mji wa Geneva, Mwingereza Tim Berners-Lee alitunga kivinjari cha kwanza akakiita WorldWideWeb, na maadamu dunia nzima haikuwa na kingine, nadhani hakikumsumbua mtu kwa kuomba ukuu. Mwaka 1993 vijana wa Chuo Kikuu cha Illinois wakatoa Mosaic, kilichoonyesha picha pamoja na maandishi. Mwaka uliofuata baadhi yao wakatoa Netscape Navigator, kikatamalaki. Na mwaka 1995 Microsoft ikaja na Internet Explorer, kilichojengwa juu ya Mosaic ile ile, kisha ikakitia ndani ya Windows hata mtu akinunua mashine anakikuta kimekwisha kuketi. Serikali ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo mwaka 1998. Mwaka 2000 jaji akaamuru ipasuliwe vipande viwili, mwaka 2001 mahakama ya rufaa ikaitangua amri hiyo, na katika muda wote huo wa kuandikiana hati Netscape, aliyeliliwa, alikuwa amekwisha kuuzwa.

Sitaki nionekane mtu wa kuchukia kila kipya, kwa hiyo nitasema la haki juu ya Chrome. Kilipotoka Septemba 2008, Internet Explorer ndicho kilichokuwa kimekalia kiti, Firefox kikimvuta shati, Opera na Safari wakipiga kambi kando, na hata mkuu wa Google wakati huo, Eric Schmidt, alikuwa amekataa kwa miaka mingi kampuni yake isijitose katika vita vya namna hiyo. Walikitangaza kwa kitabu cha katuni cha kurasa 38 kilichochorwa na Scott McCloud, na kwa bahati nakala zilizopelekwa kwa posta zikafika kabla ya siku iliyokusudiwa, ikawabidi waseme mbele ya watu jambo ambalo walikuwa bado wakilipigia pasi. Pengine ndiyo mara ya pekee katika tarehe ya ulimwengu barua kulaumiwa kwa kuwahi. Lakini katika kitabu kile mlikuwa na hikima: kila ukurasa uliofunguliwa ulipewa makao yake mbali na wenzake, hata mmoja ukizimia wengine wasife nao. Mtu asiyeandika wasia hawezi kuujua uzito wa jambo hilo. Enzi za kivinjari nilichokuwa nacho kabla, nilikuwa nikiandika wasia wa mzee mmoja wa Chumbageni, nyumba zake tatu zimekwisha kugawanywa kwa amani, mara ukurasa wa matokeo ya mpira, ambao aliufungua mwanangu pembeni, ukaganda, na vyote vikaanguka pamoja. Tulipoanza upya mzee alikuwa amefikiri zaidi, na mtoto mmoja akapungukiwa nyumba.

Msiba mkubwa wa mgeni wetu ulitukia siku jirani yangu mmoja, bibi mjane, alipoleta karatasi zake nimjazie fomu ya ofisi fulani. Nilijaza kurasa zote, jina, kijiji, kata, wilaya, hata tarehe ya ndoa ambayo yeye mwenyewe aliikisia kwa mwaka wa mafuriko, na nilipofika mwisho nikaona kitufe cha kutuma kimejificha chini ya nembo ya ofisi, kimetoa nje herufi moja na nusu. Nilikibonyeza kwa herufi ile, kikakataa. Nikahamia kivinjari kingine, hicho kikapokea kila kitu ila tarehe, kwa sababu kilitaka mwezi utangulie siku. Cha tatu kikaleta ukurasa mweupe wenye maneno kwamba kivinjari changu hakitambulikani, na chini yake mstari mrefu wa majina: Mozilla, kisha AppleWebKit, kisha KHTML, kisha Gecko, kisha Chrome, na mwisho Safari.

Nikampigia mpwa wangu nikamsomea. Alicheka sana, kisha akanifafanulia, naye bibi akisikiliza kwa kuwa simu yangu haijui kunong'ona. Akasema kwamba zamani wenye kurasa waliwapa kurasa nzuri wale tu waliojitambulisha kwa jina la Mozilla, ambalo lilikuwa jina la ndani la Netscape. Basi Internet Explorer, ili kiruhusiwe kupita, kikabisha hodi kwa jina hilo hilo la hasimu wake. Baadaye injini iitwayo KHTML ikajinasibu na Gecko, ambayo ni injini ya Firefox. Apple ilipotoa Safari mwaka 2003 kwa kuijengea juu ya KHTML, ikayabeba majina yote. Na Chrome, kilichoanza kwa kuazima injini ya Safari, kikayarithi yote kikaongeza lake. Kwa hiyo hata leo kivinjari kikibisha hodi popote duniani, hujitaja kwanza kwa jina la aliyeshindwa zamani, kisha kwa majina ya walioshindana naye, na jina lake la kweli hulidokeza karibu na mwisho.

Bibi akavuta mtandio wake. "Nasaba yote hiyo," akasema, "na fomu hawezi kuituma?"

Karani wa ofisi ile, nilipompata kwa simu, alinishauri kwa adabu nitumie Internet Explorer. Basi Internet Explorer kilikwisha kustaafishwa na wenyewe tarehe 15 Juni 2022, na huko Gyeongju, Korea Kusini, kuna mtu aliyekijengea jiwe la kaburi, akaandika juu yake kwamba marehemu alikuwa chombo kizuri cha kupakulia vivinjari vingine. Nilitamani kumwuliza karani kama fomu hupokelewa makaburini. Mwisho bibi alipanda bajaji na karatasi zake mkononi, zikagongwa muhuri, akarudi kabla ya adhuhuri.

Hayo ningeyasamehe, maana yalikuwa ya kazi. Lililonigusa nyumbani lilitokana na ukarimu wa mgeni, kwa kuwa siku ile ya kwanza mpwa wangu alikiruhusu kivinjari kipya kihamishe vitu vyote vya kivinjari cha zamani: nywila, alamisho, na kumbukumbu ya kila nilichowahi kukitafuta. Kile cha zamani nilikuwa nimekwisha kukinyamazisha, hakikuwa kikisema kitu ila kwa kuulizwa. Huyu mpya alikuwa msemaji. Basi jioni moja mke wangu, ambaye kaka yake ana mikorosho huko Mtwara, aliketi atazame bei ya korosho, akaandika herufi nne za mwanzo, na mgeni, kwa hamu ya kuonyesha kwamba amekwisha kutuzoea, akammalizia: "koroma kwa mke, dawa yake".

Kimya kilichofuata sitakisahau.

"Baba Zuhura, nani anayekoroma?"

"Jirani."

"Hapa pameandikwa mke."

"Mke wa jirani."

"Na wewe umejuaje?"

Hapana mwanasheria wa Tanga wala wa bara angeweza kunitoa hapo. Nililala sebuleni, karibu na kompyuta, na kabla sijaizima mgeni akaniuliza tena kama sasa niko tayari kumfanya mwenye nyumba.

Mtu atauliza matajiri wale wanagombea nini katika kitu cha bure. Wanagombea mlango. Anayeushika mlango ndiye anayeamua swali lako la korosho lielekezwe kwa nani, na swali hilo, pamoja na maswali ya walimwengu wengine, lina thamani: katika kesi nyingine ya serikali ya Marekani, hii ikiwa juu ya Google, ilidhihirika mahakamani kwamba mwaka 2021 peke yake kampuni hiyo ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe ya kwanza kuulizwa katika vivinjari na simu za watu. Ulaya nao walijaribu kumrudishia mwenye nyumba hiari yake. Kuanzia mwaka 2010 Microsoft ilibidi kuwaonyesha watu ukurasa wa kuchagua kivinjari wakitakacho. Kisha katika toleo moja la Windows ukurasa ule ukatoweka kwa zaidi ya mwaka, kampuni ikasema ni hitilafu ya kiufundi, na mwaka 2013 ikatozwa euro milioni 561. Nimesahau mambo mengi maishani mwangu, lakini sijapata kusahau kitu cha bei hiyo.

Nilipomwambia mpwa wangu kwamba afadhali nifute vitatu, nibaki na viwili vya kunisaidia siku fomu zikigoma, alinifichulia jambo ambalo angeweza kunifichulia kabla ya kunimalizia bando: kwamba vinne kati ya vitano vyangu vina tumbo moja. Opera iliitupa injini yake mwaka 2013. Edge, kilichotoka mwaka 2015 kwa mbwembwe, kilijengwa upya mwaka 2020 juu ya Chromium, yaani mali ile ile iliyozaa Chrome. Brave na Vivaldi kadhalika. Firefox na Safari ndio waliobaki na injini isiyotoka huko. Kwa hiyo magomvi ya kila asubuhi juu ya nani mwepesi, nani mzito, yalikuwa ya ndugu waliobadilishana kofia.

Nikafuta vitatu. Nyumba ikatulia kwa muda, hata mke wangu akaniruhusu kurudi chumbani, ila kwa sharti kwamba nitangulie kulala yeye anisikilize. Kisha mpwa wangu akapiga simu tena, sauti yake imejaa ile furaha ninayoiogopa. Kuna aina mpya, akasema, zimetoka mwaka 2025: Comet ya Perplexity mwezi Julai, na Atlas ya OpenAI mwezi Oktoba, nazo hazikuonyeshi ukurasa tu, bali hukusomea, hukufupishia, hujibu kwa niaba yako, na ukizipa idhini hujaza fomu.

"Hujaza fomu?" nikauliza.

"Fomu, mjomba. Na barua pia."

"Na wasia?"

"Ukizieleza vizuri, hata wasia."

Nilinyamaza, nikiwafikiria wateja wangu wa Chumbageni na Ngamiani mmoja mmoja, na jinsi ambavyo katika miaka yote hii sikuwahi kudhani kwamba soko litakaloingiliwa ni langu. Mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele karibu nami, hakuinua macho kwenye ungo.

"Mwambie akilete," akasema. "Kikikufanyia kazi zako, wewe utapata wasaa wa kuitafuta ile dawa."

"Mjomba," mpwa wangu akauliza kutoka Dar es Salaam, "dawa gani hiyo?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu.