Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Komodori, kutoka Newala

Kwa Mheshimiwa sana,
Komodori wa Klabu ya Matanga,
Pwani.

YAH: SHUKRANI ZA MWAKA MZIMA, PAMOJA NA OMBI MOJA DOGO

Mheshimiwa Komodori, shikamoo. Shikamoo ya pili naitoa kwa niaba ya wazee wa Newala ambao miguu haiwaruhusu kuja kukuamkia wenyewe, na ya tatu kwa niaba ya kina mama, ambao saa hii ninapoandika wako bondeni na ndoo. Asalaam aleikum, na kwa niaba ya jirani zangu Waanglikana, Bwana asifiwe. Nyumbani hawajambo? Na boti hazijambo? Nimeona ni adabu kuziulizia, maana naambiwa ni nyingi na kila moja ina jina lake.

Najua una shughuli nyingi. Barua hii huenda isikufikie, au ikufikie isifunguliwe, au ifunguliwe isisomwe zaidi ya anwani. Hata hivyo nitakushukuru. Kwa mtu wa hadhi yako, kusoma neno Newala juu ya bahasha ni hisani kubwa kwetu. Klabu yako sitaitaja kwa jina, nisije nikaonekana najipendekeza.

Mimi ni mkulima wa korosho. Mpwa wangu ni kibarua wa boti hapo klabuni kwako, na kwa mila zetu Wamakonde mtoto wa dada ni wa mjomba, kwa hiyo riziki unayompa yeye umenipa mimi. Ahsante sana. Ni yeye anayenisimulia kwa simu jinsi mwaka wenu unavyokwenda, nami huyapeleka masimulizi hayo barazani, hata sasa kijiji kinaijua ratiba yenu kama kinavyoijua minada ya korosho.

Tunajua kwamba kaskazi ikivuma watoto wenu hufundishwa tanga kwenye viboti vya Optimist, urefu wake mita mbili na kidogo, mtoto mmoja boti moja. Tumefurahi. Watoto wetu wa umri huo nao wana chombo, mmoja mmoja: dumu la lita kumi. Upepo wa kusi ukishika, wakubwa hutoka na Laser na zile Hobie zenye matumbo mawili, wakazunguka maboya mpaka jua linapoanguka. Kuna mashindano ya uvuvi, kuna usiku wa maswali na majibu, kuna chakula cha jioni cha suti na magauni, na Desemba Baba Krismasi huingia kwa boti na gunia la zawadi. Mungu awazidishie.

Lakini sehemu ambayo wazee hunitaka niirudie ni ya kuosha. Boti ikishapandishwa ufukweni juu ya kigari chake, mpwa wangu huvuta mpira wa maji. Huanza na mlingoti, hushuka kwenye tanga, kisha kamba moja moja, kapi moja moja, usukani, tumbo la boti, na mwisho magurudumu ya kigari. Chumvi ikiachwa hula chuma na kukakamaza kamba, hilo tunalielewa. Zikimalizika boti hugeukia majaketi okozi. Siku ya mashindano boti husimama foleni, na kwa kuwa bomba liko mbali, maji hayafungwi kati ya boti na boti. Mpira hulazwa mchangani, unamwaga, mpaka boti ya pili isogezwe. Hapo mpwa wangu huukanyaga ule mpira kwa kisigino ili maji yapungue. Wenzake humcheka. Naomba, Mheshimiwa, usimhesabie kosa. Amekulia Newala, na mguu wake unafanya hivyo kabla yeye hajafikiri.

Uniruhusu nikueleze kwa ufupi kule alikotoka. Uwanda wetu uko juu, na mchanga wake hunywa mvua yote. Maji huja kutokeza huko chini, kwenye miguu ya magenge. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alikaa Newala akichunguza mila za watu wa kusini, akaona wanawake wanavyoshuka kufuata maji na kupanda nayo kichwani, akashangaa na kuandika. Tunamshukuru kwa mshangao wake. Miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza ikajenga mradi wa kuyasukuma maji kutoka bondeni hadi uwandani, tukaonja bomba. Tunashukuru. Mwaka 1971 serikali yetu wenyewe ikatangaza programu ya miaka 20, kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji ndani ya mita 400 kutoka kwake. Tuliishukuru ilipotangazwa, na 1991 ilipofika tukaishukuru tena. Wafini nao walikuja, wakashughulikia maji ya Mtwara na Lindi kwa miaka mingi, wakaaga vizuri. Sasa tumo katika mradi wa miji 28 kwa mkopo wa India, na huo tunaushukuru mapema kabisa.

Maji ya Mitema, kule bonde la Kitangari, lazima yapandishwe kwa pampu. Pampu ikisimama, bomba la mtaani hukohoa upepo, likanyamaza. Mwenye uwezo amechimba kisima cha saruji uani akavuna mvua ya bati. Asiye na uwezo hununua kwa ndoo, na kadiri kiangazi kinavyokomaa bei nayo hukomaa. Mimi nimeona mama akirudi kutoka bondeni, akajikwaa hatua chache kabla ya kizingiti, ndoo ikamwagika yote. Hakulia. Alikaa chini palepale kwenye udongo uliolowa, akaweka viganja vyake viwili juu ya ule unyevu, kisha akanyanyuka akaanza kushuka tena. Nakushukuru, Mheshimiwa, kwa kunisikiliza mpaka hapa, kama bado upo.

Katika miaka yote hii sisi tumeomba maji kwa sababu tulizokuwa nazo. Tumewataja wajawazito. Tumewataja wanafunzi wanaofika darasani kengele ya pili imeshapigwa. Tumetaja wodi ya wazazi, tumetaja hata maiti wanaosubiri kuoshwa. Viongozi wametusikiliza kwa utulivu mkubwa. Sasa mpwa wangu ametufumbua macho, nasi tumekaa, tumelitafakari, tumekubaliana kwamba sababu zetu zilikuwa dhaifu. Hatukuwa na boti.

Ndiyo maana tunaomba kwa unyenyekevu kuwa tawi la klabu yako. Usituone wageni wa matanga. Mmisionari Chauncy Maples, aliyehamia Newala miaka ya 1880 baada ya Wangoni kuivamia Masasi, alikufa maji Ziwa Nyasa mwaka 1895, boti yake ya tanga ilipozama kwenye dhoruba, miezi miwili tu baada ya kuwekwa wakfu uaskofu. Huyo ni wa kwetu, na nadhani alitulipia kiingilio. Upepo tunao: simama ukingoni pale Shimo la Mungu mwezi wa Julai, kofia yako utaifuata Ruvuma. Mbao tunazo na mikono ya kuzichonga inajulikana dunia nzima. Magunia ya korosho yatatosha matanga. Nidhamu ya kukaa foleni tumeizoea kuliko mwanachama wako yeyote. Kinachopungua ni maji tu, na hayo, kwa tulivyoona klabuni kwako, hufuata boti yenyewe bila kuandikiwa barua.

Hivyo ombi letu ni boti moja. Isiwe mpya, wala isiwe nzuri. Iwe ile ambayo mwenyewe ameshaichoka. Sharti letu ni moja, nalo naliomba nikiwa nimepiga magoti: isioshwe. Itolewe baharini baada ya mashindano ya mwisho, chumvi ikiwa imeganda kwenye kamba, ipakiwe kwenye lori vilevile. Ikitoka Mtwara ipitishwe Mnivata hadi Tandahimba, ichukue na vumbi la njiani. Ikifika Newala tutaiweka uwanjani mbele ya wazee. Kanuni ya klabu, kama anavyonisomea mpwa wangu kutoka ubaoni, ni kwamba boti isilale na chumvi. Kanuni hiyo tunaiheshimu mno, na hatutakubali ivunjwe kwa sababu ya uwanda wetu.

Tafadhali boti iletwe pamoja na mpira wake. Usiufungue kwenye bomba lako. Uache palepale ulipo, mafundi wako waendelee tu kuuongeza, kiungo kwa kiungo, kupitia Kibiti, kuvuka Rufiji, Lindi, Mtwara, mpaka ncha yake ifike kwetu. Ncha hiyo tutaipokea kwa ngoma. Maji yakifika tutaiosha boti kwanza, mlingoti, tanga, kamba moja moja, kapi moja moja, kama mpwa wangu alivyofundishwa, ili mwenye boti asione tumemdharau. Kisha, kati ya boti ya kwanza na ya pili, mpira ukiwa umelazwa chini unamwaga, tutaomba ruhusa ya kukinga. Na kwa kuwa boti ya pili hatuna, tutaisubiri tukiendelea kukinga. Wajawazito watatangulia, watafuata wenye wagonjwa, kisha wanafunzi.

Uzinduzi tumeupanga mwezi wa Oktoba, visima vya uani vikiwa vimekauka na njia za bondeni zikipitika vizuri. Kiti chako kitakuwa kivulini, chini ya mkorosho. Maji ya kunywa, Mheshimiwa, naomba uje nayo.

Wako mtiifu,
Mjomba wa kibarua wako,
Newala.

Nakala: Mpwa wangu, kwa taarifa na utekelezaji.