Lita Mbili za Difu

Swali lililoniharibia Jumamosi mbili lilikuwa na maneno matatu tu: "Difu gani, Mwalimu?" Aliyeuliza ni muuza spea wa Tabora mjini, kijana wa rika la wanafunzi wangu wa mwishomwisho, na aliuliza huku anachezea simu, kama mtu anayekuuliza soda gani. Nikamjibu: difu ya nyuma. Akainua macho. "Hapo umeniambia ilipo. Mimi nauliza ni ipi."

Nimefundisha miaka thelathini na nne. Sura ya mtu aliyejibu kabla ya kusoma swali naijua vizuri. Siku ile niliivaa mimi.

Ninaishi Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, ambako ukisikia muungurumo barabarani, basi ni lori la tumbaku au gari la serikali linalowahi kikao. Landrova yangu haiungurumi. Inalia. Ikifika spidi ya arobaini hutoa mlio kama mzinga uliochokozwa, na kwetu Tabora mlio huo una heshima yake: watu huacha njia kwanza, kisha ndipo huuliza. Niliinunua mnadani baada ya kustaafu. Kadi inasema ni ya mwaka 1969, modeli ya 109, yaani inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Mama watoto aliizunguka mara moja, akasema kiinua mgongo kimenunua kivunja mgongo, akarudi jikoni.

Fundi wetu, ambaye gereji yake ni kivuli cha mwembe na jiwe la kukalia, aliipanda, akaiendesha mita mia, akashuka. "Difu imekauka. Itie oili."

"Oili gani, Fundi?"

"Ya difu."

"Ziko aina ngapi?"

"Mwalimu, difu ni difu."

Kwa falsafa hiyo nikapanda Hiace kwenda mjini. Kosa langu lilikuwa kumwambia jirani wa kiti ninachokwenda kutafuta. Kabla hatujafika nusu ya safari gari zima lilikuwa limeshakuwa kamati ya ufundi. Dereva alisema gari la mzee linataka oili ya mzee, namba 140. Mama mwenye kuku alisema marehemu mumewe alikuwa anachanganya oili chafu na grisi, na gari lilimzika yeye, si yeye aliyelizika gari. Mmoja nyuma akasema kinachonyamazisha difu ni unga wa mbao, na wote wakacheka isipokuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa nakumbuka jinsi gari lile lilivyokuwa kimya siku ya mnada.

Dukani, baada ya aibu niliyoieleza, kijana alinipa somo. Akasema iko 90 na iko 140, na 90 yenyewe iko GL-4 na GL-5. Nikaona nafasi ya kurudisha heshima. Nikamwambia: injini yangu inakunywa 20W-50, sasa hii 90 si itakuwa nzito karibu mara mbili? Akanitazama kwa huruma. Kumbe namba za oili ya gia na namba za oili ya injini ni mizani mbili tofauti, na 90 ya gia, ukiimimina, uzito wake ni kama ule wa oili ya 40 au 50 ya injini. Aliyepanga hivyo bila shaka hakuwahi kusimama mbele ya darasa.

Ila ukiwa mtu wa Tabora jambo hili huhitaji kuelezwa mara mbili, maana tumekulia kwenye asali. Asali ya nyuki wadogo ni nyepesi, inakimbia kijikoni. Ya nyuki wakubwa inajivuta. Zote ni asali. Na ile ya kujivuta, iache alfajiri ya Julai uone inavyogoma kutoka chupani, kisha iweke juani Oktoba. Wenye viwanda wakatafuta asali isiyogoma alfajiri wala kukimbia mchana, wakaiita 80W-90. Hiyo W ni ya majira ya baridi ya kwao. Tunailipia na sisi.

GL-4 na GL-5 ndipo kichwa kiliponiuma. Zote zimetiwa dawa za salfa na fosforasi ili meno ya chuma yanapobanana kwa nguvu yasitafunane; ndiyo maana zinanuka kama yai viza. GL-5 ina dawa kali zaidi. Kwa difu ya meno yanayoteleza inafaa sana, lakini ukiitia kwenye gia boksi la zamani lenye vipande vya shaba, dawa ile inaweza kuila shaba polepole, kwa adabu, bila kelele, mpaka siku utakapoitafuta gia ya tatu usiione. Kwa hiyo swali la kijana halikuwa la dharau. Bila kujua chuma kilichomo ndani, unamnywesha mgonjwa dawa ya jirani.

Nikanunua lita mbili za GL-5. Kwa nini mbili? Kwa sababu mbili ni namba ya heshima. Lita moja ni ya pikipiki, na tatu ni ya mtu asiye na mke wa kumuuliza hela zimekwenda wapi.

Kurudi, nikamwambia Fundi hatufungui kitu mpaka tujue difu ni ipi. Akanuna, lakini akakubali, kwa kuwa mjomba wangu mdogo anayesoma chuo alikuwa amekuja likizo na nakala ya kitabu cha matengenezo cha Landrova, iliyodurufiwa mara nyingi hadi picha zimekuwa vivuli. Kitabu kinasema njia ya kuijua difu ni kuhesabu: propela inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja. Hapo nikajiona niko darasani. Nikatoa chaki. Tukaipiga jeki nyuma, tukaipandisha juu ya magogo, gia huru, nikachora mstari mweupe kwenye kila tairi na mwingine kwenye propela. Mimi nikashika tairi la kushoto, Fundi la kulia, maana ukizungusha moja peke yake lenzake linarudi kinyumenyume na hesabu inalala. Msaidizi wake akaingia uvunguni kuhesabu.

"Moja! Mbili! Tatu! Nne! ..." Kimya. "Mwalimu, hii ya mwisho haijatimia."

"Imefika wapi?"

"Imepita nusu."

Fundi alisema ni nne na nusu, basi. Mimi nikasema hapana, nusu na kitu kidogo. Tukarudia mara kumi ili tupate wastani, watoto wa shule wakakusanyika, wakaanza kuhesabu kwa sauti pamoja nasi, na mpaka adhuhuri chakula kilipoiva tulikuwa tumepata nne nukta saba. Nikapiga kofi. Mjomba akafungua kitabu, akasoma, akasita.

"Zote ni nne nukta saba."

"Zote zipi?"

"Difu ya Rover ni hivyo, na ya Salisbury ni hivyo hivyo. Tumejua tu kwamba si ya Landrova 110. Ile ni tatu nukta tano nne."

Lile kundi la watoto likatawanyika kwa staha, kama watu wanaotoka msibani.

Ndipo Babu jirani, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake tangu asubuhi, alipouliza kama kuna aliyewahi kuiosha. Hakuna. Msaidizi akaleta mafuta ya taa na brashi, tope la miaka likaanza kubanduka kwa vigae, na nyuma ya bakuli la difu ukatokea mfuniko wa chuma, umezungushiwa bolti. Kumi. Nilizihesabu mwenyewe, na hizi zilitimia. Mjomba akasema basi jambo limekwisha: difu ya Rover nyuma ni mviringo mtupu, utumbo wote unatolewa kwa mbele, upande wa propela. Yenye mfuniko wa namna hii nyuma ni Salisbury. Mlango wa nyuma ulikuwapo muda wote tulipokuwa tunafanya hesabu barazani.

"Salisbury?" Babu akasimama. "Ile ya Smith?"

Nikamweleza kwamba ni jina la watengenezaji wa ekseli Uingereza. Hakuelezeka. Akatukumbusha kwamba Desemba 1965 nchi hii ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza nzima kwa sababu ya huyo Smith na wenzake waliojitangazia uhuru wao kule Salisbury, na kwamba mji wenyewe umeshabadilishwa jina kuwa Harare tangu 1982, sasa iweje mtumishi mstaafu wa Serikali ya Tanzania afiche kitu hicho uvunguni? Nikakosa jibu. Akaongeza kuwa angekuwa yeye angenunua Pijo 404, gari lililompa Bert Shankland wa Dar es Salaam ushindi wa Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba ekseli ya nyuma ya 404 inaendeshwa na parafujo la chuma linalozungusha gurudumu la shaba, na inadai oili yake ya peke yake. Ningekuwa bado niko dukani mpaka leo.

Ila palikuwa na jambo jingine, na hili halijanitoka. Kadi inasema 1969. Dashibodi iko katikati, kama Landrova za miaka ile. Lakini kwa kitabu cha mjomba, Salisbury ilikuja kuwa difu ya kawaida ya 109 miaka ya sabini, baada ya zile za Rover kusifika kwa kukata shafti. Maana yake gari langu mbele ni la kaka mkubwa na nyuma ni la mdogo wake. Mahali fulani, mwaka usioandikwa popote, Landrova nyingine ilitoa makalio yake ili hii itembee. Nililipa bei ya gari moja nikapata nusu mbili. Fundi alinifariji: "Mwalimu, angalau nusu ya nyuma ndiyo imara."

Tukaja kwenye kumwaga oili ya zamani. Hapa naomba kila mwenye gari asikilize: fungua tundu la kujazia kwanza. Fundi alifungua la chini. Kikatoka kitu cheusi, kizito, kikaingia kwenye ndoo ya asali ya mama watoto, ambayo sikuwa na ruhusa nayo. Juu kinaelea kitu kama uji. Fundi akakitia vidoleni, akakisugua, akakinusa.

"Unga wa mbao."

"Una hakika?"

Akanusa tena. "Mninga."

Kwa hiyo aliyeniuzia kelele aliifunika kwa mbao ya thamani, nisimnyime hilo. Sasa difu ikiwa tupu kabisa, Fundi akageukia nati ya tundu la kujazia, nayo ikakataa. Ilikuwa imeliwa pembe zote na mafundi waliomtangulia. Ikapigwa nyundo, ikapashwa moto, ikatukanwa Kinyamwezi na Kiswahili. Gari haliwezi kwenda mbele wala kurudi, liko juu ya magogo, halina tone la oili. Babu akasema barabara hii tangu zamani haipendi magurudumu. Nikamkumbuka Roger Price na wamisionari wenzake wa London walioazimia mwaka 1877 kufika Ujiji kwa magari ya kukokotwa na maksai. Mbung'o wakamaliza ng'ombe hata huku hawajakaribia, na mizigo ikarudi palepale ilipokuwa, mabegani mwa Wanyamwezi. Mpagazi hana difu. Ana magoti, na magoti hayaulizwi ni ya kiwanda gani.

Jioni nati ikafunguka. Tukamimina lita ya kwanza, ikameza. Lita ya pili, ikameza. Kanuni ni kwamba oili ikianza kuchuruzika kwenye tundu lenyewe la kujazia, imetosha. Haikuchuruzika. Fundi akaingiza kidole, hakigusi kitu. Mjomba akafungua kitabu, na safari hii alisoma kwa sauti ya chini sana: Rover inachukua lita moja na robo tatu. Salisbury, lita mbili na nusu.

Mbili. Namba yangu ya heshima ilikuwa nyingi kwa difu moja na pungufu kwa nyingine, na katika dunia nzima haikuwa na difu iliyoifaa.

Jumamosi iliyofuata nikapanda Hiace. Konda alishanijua: "Mzee wa difu, leo tena?" Kijana wa spea akasema nusu lita hauzi, chupa imefungwa kiwandani. Nikanunua lita nzima. Tukajaza, ikachuruzika, tukaziba, tukashangilia, nusu lita ikabaki kwenye chupa. Nikaiwasha, nikaenda hadi barabara kuu na kurudi. Inalia bado, lakini kwa sauti ya chini, kama nyuki wa jirani.

Nilipozima injini Fundi alikuwa amechuchumaa upande wa mbele, anaosha kwa brashi.

"Mwalimu, hii ya mbele ni mviringo mtupu."

Rover. Lita moja na robo tatu. Ninayo nusu, inapungua lita moja na robo, na robo hawauzi, kwa hiyo ni kununua mbili, ibaki robo tatu. Nikamwambia vizuri, robo tatu tutaiweka akiba. Fundi akatikisa kichwa, akagonga kwa spana yale mapira makubwa ya chuma nyuma ya magurudumu ya mbele.

"Haya nayo yanakunywa. Nusu lita kila moja."